Hatari, Ajali na Tahadhari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kusema na akampa akili ya kupambanua lenye kufaa na lenye kudhuru. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu mliohudhuria msikitini, nanyi ndugu wasikilizaji mlioko majumbani, madukani na safarini, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani mcha Mungu ndiye aliyesalimika.

Ndugu Waislamu, leo napenda tuzungumze juu ya maneno machache ambayo ndimi zetu huyatamka kila siku, asubuhi na jioni, pasina kuyapima. Tunasema hatari, tunasema ajali, tunasema balaa, tunasema msiba, tunasema tahadhari. Huenda mtu akauliza: Je, hutuba ya Ijumaa ni mahali pa kufundishia lugha? Nasema, ndiyo, ikiwa lugha hiyo inagusa roho za watu. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura Qaf, aya ya 18, ya kwamba hapana neno alitamkalo mtu ila pana mwenye kulichunga na kuliandika. Basi neno likitumiwa pasipo mahali pake, huenda likamficha mwenye kosa, likamsahaulisha mwenye wajibu, na aliyedhulumiwa akazikwa pamoja na haki yake.

Tuanze na neno hatari. Asili yake ni Kiarabu, khatar, na Waarabu walilitumia kwa maana zaidi ya moja. Maana mojawapo ni kuwa karibu na maangamizo, nayo ndiyo tuijuayo sote. Ndiyo iandikwayo kwa herufi kubwa penye mitambo ya umeme, ili mpita njia asisogee. Maana ya pili ni kile kitu kinachowekwa rehani katika mashindano, ambacho mwenye kushindwa hukipoteza. Na maana ya tatu ni cheo na thamani: mtu mwenye khatar kwa Waarabu ni mtu mwenye daraja, si mtu wa kuogopwa.

Tazameni basi jinsi maana hizi tatu zinavyoshikana. Hapana hatari ila mahali penye kitu cha thamani kinachoweza kupotea. Jani kavu likianguka mtini hatusemi limo hatarini. Mtoto akipanda juu ya mti huo huo, mama yake hupiga ukelele. Kwa hiyo, kila tulitamkapo neno hili, yatupasa kujiuliza mambo mawili: Ni kitu gani kilichowekwa rehani hapa? Na kimewekwa kwa ajili ya nini?

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alilitumia neno hili. Imepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas ya kwamba Mtume alizitaja siku kumi za mwanzo wa Mfunguo Tatu, akaeleza ubora wa amali zinazotendwa ndani yake, kisha akamtoa mtu mmoja tu anayeweza kuwapita wenye amali hizo: yule aliyetoka kwa ajili ya Mwenyezi Mungu akaihatirisha nafsi yake na mali yake, asirudi na chochote katika hivyo viwili. Huyo aliweka rehani kilicho chake mwenyewe, na alikiweka kwa jambo lililo kubwa kuliko nafsi yake.

Sasa mlinganisheni na dereva anayepita magari mengine penye kona asikoona mbele, na nyuma yake wamekaa watu thelathini. Naye pia anahatirisha. Lakini alichokiweka rehani si chake. Ni roho za watu waliomlipa nauli ili awafikishe. Na anachokitafuta ni kuwahi kituo kabla ya mwenziwe. Vijana wetu siku hizi humsifu mtu wa namna hii kwa neno lile lile, husema, “Yule bwana ni hatari!” nao wanakusudia kuwa ni hodari. Sitaki kuwagombeza vijana, kwani kila zama zina misemo yake. Ninalowaomba ni kukumbuka kuwa hodari ni yule aijuaye thamani ya alichokishika.

Tuje kwenye neno la pili, nalo ni ajali. Hili, ndugu zangu, ndilo lililonifanya nichague mazungumzo haya.

Katika Qurani, ajali ni muda uliowekwa. Sura ya Al-Aaraf, aya ya 34, yatufahamisha kuwa kila umma una muda wake, na ufikapo hauchelewi wala hautangulii hata saa moja. Hiyo ni itikadi yetu, wala hatuna shaka nayo. Lakini katika Kiswahili neno hili limehama. Sisi twaita ajali kila jambo la ghafula linaloumiza: gari kupinduka, nyumba kuungua, chombo kuzama. Tena tukaongeza msemo wetu, ajali haina kinga. Maana mbili zikachanganyika katika neno moja: ile ya muda uliowekwa na Mwenyezi Mungu, na ile ya madhara yaliyoletwa na mikono ya watu. Na katika mchanganyiko huo mzembe hupata mahali pa kujificha.

Niruhusuni nikusimulieni jambo moja lililonipata mwenyewe. Nilipokuwa kijana, nikisoma darsa kwa mwalimu wetu, katika mtaa wetu palikuwa na kisima cha zamani kilichokauka. Mdomo wake ulikuwa wazi, na majani yalikuwa yameota kuuzunguka. Kilikuwa kandoni mwa njia tuliyopitia kwenda sala ya alfajiri na kurudi baada ya isha. Kila mtu aliyepita alisema, “Kisima hiki ni hatari.” Wazee walisema, akina mama walisema, nami nilisema, labda mara mia. Siku moja baada ya sala pakatolewa shauri kuwa tuchange, tununue mbao na saruji, mwashi akifunike. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Mmoja akasema tungoje mwisho wa mwezi. Mwingine akasema kisima kile si chetu, kina wenyewe. Mwingine akasema kimekaa miaka mingi wala hakijamdhuru mtu. Tukatawanyika.

Kabla ya mwezi kwisha, mtoto wa jirani yetu, wa miaka saba, alitumwa dukani wakati wa magharibi, akatumbukia. Alipotolewa alikuwa amekwisha kufa. Tukamwosha, tukamsalia, tukamzika. Makaburini watu walimpa baba yake mkono mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia, “Ajali haina kinga, ndugu yangu.” Baba yule aliitikia kwa kichwa tu. Mwalimu wetu alikuwa amesimama kando. Tulipokuwa tukirudi, alitugeukia sisi wanafunzi wake akasema, “Ajali haina kinga. Na kisima nacho, hakina kifuniko?”

Hakuongeza neno. Kesho yake kisima kilifunikwa, kabla ya adhuhuri, na fedha zilipatikana siku hiyo hiyo.

Enyi Waislamu, ule muda wa mtoto yule ulikuwa kwa Mwenyezi Mungu, wala hapana mwenye elimu nao ila Yeye. Lakini sisi hatutaulizwa juu ya ujuzi wa Mwenyezi Mungu. Tutaulizwa juu ya mbao na saruji. Wanavyuoni wetu wa fiqhi hawakulionea haya jambo hili. Wameandika katika vitabu vyao ya kwamba mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu pasipo haki, akatumbukia mtu akafa, mchimbaji hubeba dhamana. Hawakusema, “Ilikuwa ajali yake,” wakakifunga kitabu.

Na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo. Wengi wetu huitumia aya hii kumwonya mtu asifanye jambo la kishujaa. Lakini sikilizeni alivyoieleza sahaba Abu Ayyub Al-Ansari. Waislamu walipokuwa vitani mbele ya Konstantinopoli, mtu mmoja alijitosa peke yake katika safu za adui, na watu wakapiga kelele kuwa amejitia katika maangamizo. Abu Ayyub akawafahamisha kuwa aya hiyo iliwashukia wao Ansari, pale walipoona kwamba Uislamu umepata nguvu na wasaidizi wengi, wakanong’onezana warejee kushughulikia mali zao. Maangamizo yaliyokusudiwa, basi, yalikuwa kule kukaa na mali na kuacha kutoa na kujitahidi. Hayo yamo katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi. Na mwanzo wa aya yenyewe ni amri ya kutoa. Tulipozuia senti zetu kwa ajili ya kisima kile, sisi tuliojiona tumekaa salama majumbani mwetu ndio tulikuwa tumejitupa katika maangamizo.

Huenda akatokea mwenye kusema: Je, kujikinga si kukimbia kadari? Swali hili si geni. Aliulizwa Sayyidna Omar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alikuwa njiani kwenda Shamu, akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kuwa tauni imezuka huko. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Makureshi, akaazimu kurudi na watu. Abu Ubaida, naye ni mmoja wa masahaba wakubwa, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Omar akamjibu kuwa wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na moja ni kavu. Apendapo popote kulisha, alisha kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, akawasimulia kuwa alimsikia Mtume akikataza watu kuingia katika nchi yenye tauni, na akikataza waliomo wasitoke kuikimbia. Omar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarudi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, dawa ni kadari, na kifuniko cha kisima ni kadari, na breki nzima ni kadari. Mwenye kuziacha hajamtegemea Mwenyezi Mungu, ameacha alichopewa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno tahadhari. Shina lake limo katika Qurani, Sura ya An-Nisaa, aya ya 71, ambapo Waumini wanaamrishwa washike hadhari yao. Na aya ya 102 ya sura hiyo hiyo yarudia amri hiyo ndani ya sala ya vitani: kundi moja lisali na kundi jingine lilinde, na wanaosali wachukue silaha zao. Zingatieni hayo. Hata katika sala, mja akiwa mbele ya Mola wake, hakuambiwa aache kujilinda. Mtume mwenyewe alipohama kwenda Madina alijificha katika pango la Thaur, akamkodi mtu ajuaye njia, na siku ya Uhud alivaa deraya mbili. Nani aliyemtegemea Mwenyezi Mungu kuliko yeye?

Tena hakuacha mambo madogo ya nyumbani. Nyumba moja iliungua Madina usiku pamoja na wenyewe. Mtume alipopewa habari alisema kuwa moto ni adui, akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Ameamrisha milango ifungwe usiku na vyombo vifunikwe. Ameonya juu ya kulala kwenye dari isiyo na ukingo, na katika mapokezi ya Imam Ahmad limeunganishwa na onyo hilo la kupanda chombo baharini wakati bahari inapochafuka: mwenye kufanya hivyo akafa, dhima imemwondokea. Na aliposema kuwa imani ina matawi sitini na kitu au sabini na kitu, tawi la chini kabisa alilolitaja ni kuondoa chenye kudhuru njiani. Basi aliyepita kisimani akasema “hatari” akaenda zake, hakulishika hata tawi lile la chini.

Sisi watu wa pwani na wa maziwa tunayo sababu kubwa ya kuyafahamu haya. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilizama Mtongwe, Mombasa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama mkondo wa Nungwi. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi wengine hawakuonekana tena. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Katika misiba hiyo, habari iliyorudiwa mara kwa mara ni moja: chombo kubeba watu kupita kipimo chake. Na iliripotiwa kuwa katika safari ya Spice Islander walikuwapo watu waliouona wingi ule wakakataa kupanda. Hao hawakuwa na ujuzi wa ghaibu. Walikuwa na macho, na wakayasadiki macho yao.

Tuwaombee rehema waliofariki. Wala hatumlaumu abiria aliyekuwa na haja ya kurejea kwao. Lakini tunapoyakumbuka mambo haya, tuyaite kwa majina yake. Msiba, katika lugha ya asili, ni lile limpatalo mtu. Nasi tumefundishwa kulikabili kwa subira na kwa kusema kuwa sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Balaa, kwa asili, ni mtihani. Kwa aliyefiwa, neno lake ni msiba, na wajibu wetu ni kumliwaza. Kwa mwenye chombo aliyejaza kupita kipimo, na kwa mkaguzi aliyefumba macho, neno hilo si lao. Lao ni dhamana. Na Mtume ameweka kanuni isiyochakaa, ya kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara.

Nalitaja kwa ufupi neno moja zaidi, nalo ni gharar. Mtume alikataza biashara ya gharar, yaani ya kubahatisha na kufichana, na mafakihi wakaipigia mfano wa kuuza samaki aliye majini na ndege aliye hewani. Biashara ya halali nayo ina hatari yake: jahazi laweza kuchelewa, mazao yaweza kuoza. Mwenye kubeba uwezekano wa hasara ndiye mwenye haki ya faida. Lakini kamari ni hatari iliyoundwa makusudi, hapana shamba lililolimwa wala mzigo uliochukuliwa. Mmoja hapati ila mwenziwe apoteze. Leo kamari ya mipira imo ndani ya simu ya kijana, naye huipa jina la bahati. Enyi wazazi, waulizeni watoto wenu lile swali letu la mwanzo: umeweka rehani nini, na kwa ajili ya nini? Mara nyingi jibu litakuwa ni karo ya shule, au fedha ya mkate wa ndugu zake.

Basi nakuusieni mambo matatu, mrudi nayo majumbani. La kwanza, mtu asitamke neno “hatari” kisha akapita. Akilitamka, na aongeze kitendo: aondoe, afunike, au amwambie mwenye uwezo, tena amwambie mara ya pili. La pili, msiharakishe kusema “ajali” mpaka mmeuliza kifuniko kilikuwa wapi. La tatu, mwenye kushika usukani, au tanga, au dawa, au jiko lenye watoto, na ajue kuwa alichokishika ni amana.

Nami nasema haya nikijitanguliza nafsi yangu, kwani miongoni mwa waliopita penye kisima kile nilikuwamo. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi, na akusameheni nyinyi, na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Ewe Mola wetu, wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, wa majini na wa angani, uwafikishe salama kwa jamaa zao. Warehemu waliozama, na walioungua, na walioanguka, na uzipe subira nyoyo za waliobaki. Utupe macho ya kuiona hatari kabla haijafika, na mikono isiyofanya uvivu katika kuizuia, na nyoyo zinazokutegemea Wewe baada ya kufanya tuliloamrishwa. Usituchukulie kwa yale tuliyoyasahau, na utuamshe kwa yale tuliyoyapuuza. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Amin.